Kigoga, Manyunyu na Maji ya Kihansi

Kigoga hakina mizizi. Kina vinyweleo vyembamba vya kukishikiza kwenye jiwe au gogo, na kazi yake huishia hapo. Maji na chumvichumvi hupokelewa na majani yenyewe, ambayo kwa aina nyingi unene wake ni wa seli moja tu. Hakitoi maua wala mbegu, na chembe zake za kiume huogelea kuifuata ya kike, kwa hiyo pasipo utando wa maji hakuna uzazi. Mtu anayetaka kufuga vigoga ndani ya kioo akiyashika hayo, ameshapata nusu ya ufundi. Nusu iliyobaki ni kujua tabia ya maji ambayo kila kigoga kimeyazoea: yanakuja lini, yanakuja vipi, na yanaondoka lini.

Nimefuga vigoga Ifakara kwa muda mrefu, kwanza katika tangi la samaki, baadaye katika masanduku ya kioo yenye hewa ya unyevu. Kazi hiyo imenifundisha mambo kuhusu bonde letu la Kilombero na milima inayolipa maji ambayo sikuyapata darasani, ingawa mimi mwenyewe ni mwalimu wa baiolojia.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mndamba, mtu wa maji. Tulipohamia nyumba nyingine hakumuuliza mtu mahali pa kuweka mtungi. Alizunguka nyuma ya nyumba akitazama matofali mpaka akapata yaliyoota kigoga. “Weka hapa, mjukuu wangu,” aliniambia. “Jua halikai hapa.” Mtungi ukakaa hapo, na matone yaliyodondoka yakakilisha kigoga kikazidi kupanda ukutani. Wakati wa masika, mto Kilombero ulipofura na maji kutanda mashambani, vigoga vilikuwa kila mahali: kwenye kingo za visima, kwenye kalvati za majaruba, kwenye mashina ya miembe. Kiangazi kikikolea, Agosti na Septemba, vilinyauka vikawa kahawia na kusagika vidoleni. Mvua ya kwanza ikinyesha vilirudi kuwa kijani huku ukitazama. Vigoga vingi vya bondeni vina uwezo huo. Hukauka hadi mtu akadhani vimekufa, shughuli zote za mwilini zikasimama, kisha maji yakirudi navyo hurudi.

Nilipoanza kufundisha, mada ya mimea isiyotoa maua ilikuwa picha tu kitabuni. Wanafunzi walichora kigoga, wakakinakili vizuri, na ukuta wa choo cha shule ulikuwa umejaa vigoga ambavyo hakuna aliyevitazama. Tangi langu la kwanza niliachiwa na mtafiti mmoja aliyemaliza kazi yake hapa mjini na kurudi kwao. Ifakara imezoea watafiti tangu Rudolf Geigy wa Basel alipofungua maabara yake hapa miaka ya 1950, ile ambayo baadaye ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Nikalijaza tangi maji ya mvua, nikachukua jiwe la mtoni, nikafunga juu yake kigoga cha kwenye kalvati kwa uzi wa pamba. Uzi wa pamba ndio unaofaa, kwa sababu huoza wenyewe baada ya wiki kadhaa, na kufikia hapo mmea umeshajishikiza. Uzi wa nailoni hubaki ukikata shina.

Wafugaji wengi wa samaki wa urembo duniani hutumia kigoga cha Java, chenye asili ya Asia, ambacho huvumilia karibu kila kitu: mwanga hafifu, maji ya vuguvugu, hata mkono usiojua kazi. Sina ugomvi nacho kikibaki ndani ya kioo. Lakini aliyeona gugu maji lilivyotanda Ziwa Victoria hawezi kumwaga maji ya tangi lenye mmea wa kigeni kwenye mtaro unaoelekea Kilombero. Mimi nilitaka cha hapa, na kwa samaki pia nilitaka wa hapa.

Samaki wa hapa wapo, na ni wazuri kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Katika madimbwi ya msimu ya bonde hili huishi visamaki vya jamii ya Nothobranchius, madume yake yakiwa na rangi za kuvutia ajabu. Spishi moja imepewa jina la bonde letu, Nothobranchius kilomberoensis, na ilielezwa kisayansi mwaka 2002. Visamaki hivi haviishi hata mwaka. Hutaga mayai kwenye tope, dimbwi hukauka, wazazi hufa, mayai husubiri ardhini kiangazi chote, na mvua ikijaza dimbwi huanguliwa. Wafugaji wa Ulaya na Marekani huyahifadhi na kupelekeana mayai hayo ndani ya mboji yenye unyevu kidogo, mboji iliyotokana na vigoga vya vinamasi vya nchi za baridi. Yai la samaki wa Kilombero husafiri kwa posta likiwa limevikwa mabaki ya kigoga. Jambo hilo hunifurahisha kila ninapolifikiria, na limenifundisha kwamba wapo viumbe ambao uhai wao unataka maji yaondoke. Ukimwekea samaki huyu dimbwi lisilokauka kamwe, umemwondolea silaha yake, kwa sababu humo samaki wakubwa wataingia na kummaliza.

Sanduku la unyevu ni kazi nyingine kabisa. Hapa mmea hauko ndani ya maji. Uko hewani, juu ya jiwe au udongo, na unatakiwa uwe na umande muda wote. Anayeanza hudhani dawa ni kufunga kifuniko kabisa ili mvuke usitoke. Kwa joto la Ifakara, sanduku lililofungwa kabisa huota ukungu mweupe na vigoga huoza kuanzia katikati. Hewa lazima itembee. Mimi huacha upenyo chini upande mmoja na upenyo juu upande wa pili, nikaziba kwa wavu mwembamba, na kwenye miezi ya joto kali feni ndogo ya kompyuta husukuma hewa taratibu. Chini kabisa huwa na kokoto, juu yake mkaa uliopondwa, kisha wavu, kisha udongo kidogo usio na samadi. Maji ya kisima chetu yana chokaa, na manyunyu yake huacha ganda jeupe kwenye majani mpaka mmea ushindwe kupumua. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini huchoma ncha. Maji ya mvua hayana hatia hizo. Kuhusu mwanga, dirisha lisilopigwa na jua linatosha, na mwanga ukizidi mwani huja na kufunika kila kitu kwa utelezi.

Rafiki yangu aliniletea kigoga kutoka Mufindi, kwenye mashamba ya chai, kirefu na laini, kizuri kuliko chochote nilichokuwa nacho. Kilikaa vizuri kipindi cha baridi. Novemba, joto la bonde lilipopanda, kikaanza kugeuka rangi, na kabla ya mvua kubwa kilikuwa kimekwisha, wakati cha kwenye kalvati kilichokuwa kando yake, kwa maji yaleyale, hakikujali. Mufindi iko juu sana na Ifakara iko kama mita 250 tu juu ya usawa wa bahari. Manyunyu niliweza kuyatengeneza. Mwinuko wa milima sikuuweza. Tangu hapo humwambia yeyote anayetaka kuanza: tazama ukuta wako mwenyewe kwanza.

Manyunyu yangu hutoka kwa pampu ndogo na kinyunyizio chenye tundu jembamba, na pampu hiyo huendeshwa na umeme wa gridi ya taifa. Umeme ukikatika, mimi huchukua bomba la mkono la kunyunyizia. Ndani ya gridi hiyo umo umeme wa bwawa la mto Kihansi. Sijui mtu wa bonde hili anayeweza kusimama mbele ya sanduku la vigoga linalonyunyiziwa kwa umeme huo asiikumbuke Kihansi.

Mto Kihansi hutoka kwenye nyanda za juu za Udzungwa na kuporomoka zaidi ya mita 800 ndani ya korongo fupi kabla ya kuingia bonde la Kilombero, upande wa Chita na Mlimba. Anayesafiri kwa treni ya TAZARA kutoka Ifakara kwenda Mlimba huuona ukuta huo wa milima dirishani, kulia kwake, safari nzima. Kabla ya bwawa, maporomoko ya korongo hilo yalirusha manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi. Miteremko iliyopigwa na manyunyu hayo ilikuwa na vinamasi vidogo, vyote pamoja hekta mbili hivi, vilivyofunikwa na vigoga, kangaga na mimea mingine ya majimaji. Humo mwaka 1996 watafiti walimkuta chura mdogo wa manjano asiyezidi sentimita tatu, ambaye hajulikani kuwahi kuishi mahali pengine popote duniani. Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waliomwelezea kisayansi. Chura huyu hatagi mayai majini. Huzaa watoto walio vyura kamili, wa milimita tano hivi, na watoto hao huanza maisha yao ndani ya vigoga, wakila utitiri na vijidudu vinavyoishi humohumo. Katika korongo hilo imepatikana pia kahawa ya porini, Coffea kihansiensis, iliyopewa jina mwaka 2004.

Chura alipogunduliwa, ujenzi wa bwawa ulikuwa umeshaanza. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi, sehemu kubwa ya mto ilielekezwa kwenye handaki, na korongoni yakabaki maji kama sehemu moja ya kumi ya yale ya awali. Manyunyu yakakatika karibu kabisa. Vigoga vya bondeni, vile vya ukuta wa bibi yangu, vingelala vikasubiri. Vya Kihansi havikujua kulala, kwa kuwa havikuwahi kuhitaji. Mimea ya majimaji ikaanza kupungua na magugu ya nchi kavu yakaingia.

Kilichofuata ni juhudi ambayo hata leo naiona kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye wengine wakawa Toledo, Ohio. Korongoni kwenyewe kukawekwa mabomba yenye vinyunyizio, yanayopata maji kwa mteremko bila pampu, ili vinamasi vipate tena ukungu wa maji. Mimea ikaanza kurudi. Katikati ya mwaka 2003 ilikadiriwa kwamba vyura walikuwa karibu 21,000. Kisha, ndani ya miezi michache, wakatoweka. Wataalamu walitaja ugonjwa wa kuvu unaoua vyura sehemu nyingi za dunia, walitaja tope la bwawani lililofunguliwa kupita mtoni likiwa na mabaki ya dawa za mashambani, walitaja vinyunyizio vilivyosimama kwa muda. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Alibaki ndani ya masanduku ya kioo. Na huko Marekani nako hali ilikuwa ngumu mwanzoni, maana miaka michache baada ya kuwasili walikuwa wamepungua hadi chini ya mia moja. Walionusurika walinusurika kwa sababu watunzaji walijifunza, jambo moja baada ya jingine, kutengeneza upya hali ya korongo: maji yaliyosafishwa, manyunyu ya mara kwa mara, joto lisilopanda, mwanga wenye miale inayofaa, vigoga na mimea ya kujifichia, wadudu wadogo kabisa wa kuliwa na watoto. Agosti 2010 vyura 100 walirudi nyumbani na kupokelewa kwenye kituo maalumu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Niliwahi kufika korongoni pamoja na msafara wa watu wa mazingira. Kabla ya kuingia, viatu vyetu vililoweshwa kwenye dawa ili tusibebe kuvu ya vyura kwenye nyayo. Nilipofika kwenye vinyunyizio nilisimama muda mrefu. Nilivielewa mara moja, kwani tundu jembamba, shinikizo la maji, ukungu unaotua polepole ni mambo ya sanduku langu, isipokuwa hapa yamefanywa mlimani. Niligusa kigoga juu ya jiwe, kilikuwa kimejaa maji hadi vidole vikalowa. Nilifurahi, na papo hapo nikasikitika. Kinyunyizio hutoa maji, lakini maporomoko yalitoa maji pamoja na upepo, mtikisiko, ubaridi, na nguvu ya kuwazuia wageni wa nchi kavu wasiote. Mtambo wa binadamu unahitaji mtu wa kuzibua tundu kila siku, fedha za vipuri kila mwaka, na wasimamizi wasiochoka kizazi hadi kizazi. Mto haukuhitaji chochote cha hayo.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa Mngeta, aliniuliza nilipowasimulia: “Mwalimu, kwani chura ni muhimu kuliko umeme?” Darasa likanyamaza likisubiri nimkaripie. Sikumkaripia, swali lake ni la haki. Nilimwambia kwamba umeme ule ulihitajika. Mdogo wangu alijifungua mtoto kwa upasuaji usiku, na taa zilizomulika chumba kile zilitoka kwenye gridi hiyohiyo. Bwawa lingejengwa na mimi ningelikubali. Ninachokishikilia ni kwamba maji yaliyopaswa kubaki mtoni yalihesabiwa baada ya ujenzi kuanza, wakati ilipaswa yahesabiwe kwanza, pamoja na saa na majira yake. Kiumbe wa manyunyu humsaidii kwa wastani wa mwaka. Ukimpa maji mengi Aprili na kumnyima Oktoba, hesabu ya karatasini itakuwa sawa na yeye atakuwa amekufa.

Na mambo haya hayaishii kwa chura. Tamás Pócs, mtaalamu wa vigoga kutoka Hungaria aliyefundisha Morogoro, alipima msitu wa vigoga juu ya milima ya Uluguru na kuchapisha matokeo mwaka 1980. Mimea inayoota juu ya miti ya msitu huo, vigoga vikiwa sehemu yake kubwa, ilikuwa na uzito wa tani 14 hivi kwa hekta ikiwa imekauka, na mvua moja ikinyesha iliweza kushika lita 50,000 hivi za maji katika kila hekta. Kila nikifundisha namba hiyo huwaomba wanafunzi watazame nje, kwenye ukuta wa Udzungwa. Milima ile nayo ina misitu ya ukungu yenye miti iliyovikwa vigoga. Maji yanayoshikwa kule huachiwa taratibu, hushuka kwa vijito hadi kwenye majaruba yetu, huingia Kilombero, na Kilombero ndio unaoupa mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, Rufiji ambako sasa lipo bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Anayefyeka msitu wa juu kwa ajili ya mahindi ya misimu miwili mitatu anakata kitu kinachopima maji kwa niaba ya taifa zima. Mkulima wa mpunga wa Ifakara analijua hilo mapema kuliko mtu wa ofisini, kwa sababu mfereji wake hukauka kwanza.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa Ifakara, Mang'ula, Malinyi na Mlimba: tengenezeni sanduku. Fundi wa vioo mjini anaweza kuliunganisha kwa silikoni kwa siku moja, na kioo chakavu cha dirisha kinafaa. Chukueni kigoga kwenye ukuta wa shule, msikitoe Hifadhi ya Udzungwa, maana kule ni marufuku na bondeni kwetu hakitaishi. Tumieni maji ya mvua. Wapeni wanafunzi zamu ya kunyunyizia asubuhi na jioni, na wao ndio waandike kila siku kilichotokea. Na ninyi mnaokaa kwenye vikao vya watumia maji, kila unapoletwa mradi wa mfereji au bwawa, ulizeni kabla ya kupiga kura: mtoni yatabaki maji kiasi gani, na mwezi wa Oktoba yatabaki kiasi gani?